Dishi la Likoni

Ramadhani iliyopita tulihamia nyumba yetu ya likizo, Likoni. Mama yetu, ambaye miguu imemlemea, alitaka jambo moja tu: kuona tarawehe za Makka. Fundi hakutokea, tukalifunga dishi wenyewe. Tulilielekeza kaskazini, upande wa Kibla, tukidhani ndiko. Kumbe setilaiti ya Badr, iliyo nyuzi 26 mashariki, kwa aliye Mombasa huwa magharibi, tena juu karibu na utosi. Upande huo ulisimama mnazi alioupanda marehemu baba. Mmoja wetu akashika shoka.

“Wanangu, nitasikiza redioni,” mama akasema.

Tukalihamisha dishi hadi kando ya kisima, tukakaza nati upya. Saa tatu usiku Al-Kaaba ikatokea. Mama akatutaka sote tunyamaze.