Ukurasa wa W

Ni daftari la shule la kurasa 96, lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Juu ya jalada, kwa mwandiko wangu wa kidato cha pili, nimeandika: Michango ya Mazishi, Juni 1987. Lilikaa miaka mingi katika sanduku la mama, na sasa limo katika langu. Nimehama nyumba mara tano, na kila mara ndilo ninaloanza kulitafutia mahali.

Marehemu tuliyekuwa tukimchangia tulimwita Mwalimu, ingawa kazi iliyomlisha ilikuwa useremala. Hapa Mugutha milango mingi ya zamani ni kazi ya mikono yake, na hata majeneza. Jioni alifundisha ngumbaru. Serikali iliita elimu ya watu wazima, lakini sisi tulisema ngumbaru. Mwishoni mwa 1978, miezi michache baada ya Mzee Kenyatta kufariki, Rais Moi alitangaza kwamba kila mtu mzima nchini afundishwe kusoma na kuandika. Mwaka uliofuata ikaundwa idara ya kazi hiyo, na madarasa yakafunguliwa makanisani, chini ya miti, na shuleni watoto wakishatoka. Walimu wa kuajiriwa walikuwa wachache. Wapo waliopewa kitu kidogo mwisho wa mwezi, na wapo waliojitolea tu. Mwalimu wetu alikuwa wa kujitolea. Chaki alinunua kwa pesa ya milango.

Yeye mwenyewe kusoma alijifunzia Manyani, kule kambini karibu na Voi, walikofungiwa maelfu ya watu wetu wakati wa Hali ya Hatari ya wakoloni. Alikuwa akiwasimulia wanafunzi wake walipolalamika kwamba macho yamechoka au mkono umekakamaa. Kambini aliyejua alimfundisha asiyejua, kwa kijiti, mchangani. Askari akikaribia, mguu ulipitishwa juu ya maandishi, na somo likaendelea akishaondoka. Basi, alisema, nyinyi mna ubao na taa, na hakuna anayewafukuza.

Ili mtu aelewe yaliyotokea usiku ninaotaka kuusimulia, lazima ajue kwanza mama zetu walikuwa nani. Siku hizo kutoka Ruiru kuja huku na kuelekea Juja ilikuwa kahawa, na ilipokoma kahawa ulianza mkonge. Mama zetu walikuwa vibarua wa kuchuma. Walitoka nyumbani kabla ya kupambazuka, kikapu kimefungwa kiunoni, na alasiri walimwaga walichochuma juu ya gunia, wakaketi kuondoa majani na punje za kijani, maana zilizotakiwa ni nyekundu peke yake. Kisha wakapanga foleni mbele ya debe. Debe likijaa, karani anaandika kwenye kadi. Mama alichuma miaka mingi katika shamba moja ambalo sitalitaja, na kwa miaka hiyo yote kadi yake ilikuwa karatasi tu mkononi. Siku aliyojua tarakimu, aliitazama kadi, akaona tatu, na yeye alikuwa amepima madebe manne. Hakupiga kelele. Alimrudishia karani kadi na kumwambia asahihishe, naye akasahihisha. Mama alilisimulia jambo hilo mpaka uzee wake, na kila mara alimalizia kwa kuinua vidole vinne.

Ndiyo maana Mwalimu alianza na tarakimu. Baada ya tarakimu alikuja kwenye herufi, na hapo hakufuata kitabu. Alianza na W. Sababu ilikuwa wazi kwa mtu yeyote aliyelitazama darasa lile: mbele yake walikaa akina Wanjiru, Wambui, Wairimu, Wangari, Waithira na Wangui, mabinti wa Gĩkũyũ na Mũmbi mmoja baada ya mwingine. Mama anayejua W na A amekwisha kushika mwanzo wa jina lake, alisema, na atakayeonja mwanzo wa jina lake hatakubali kukosa mwisho. Akina Njeri na Nyambura waliambiwa wasubiri Jumatano.

Alifariki mwanzoni mwa Juni, katika ile baridi ya ukungu usiopanda mpaka saa nne. Mwaka huo nchi nzima ilikuwa imezungumza mazishi tu. Wakili S. M. Otieno alikuwa amezikwa Mei huko Siaya, baada ya miezi mitano ya kesi kati ya mjane wake Wambui na ukoo wa marehemu, na sidhani kulikuwa na matatu au hoteli ya chai ambayo mjadala ule haukuingia. Kwa hiyo watu walipokusanyika kwa Mwalimu, kila mmoja alijiona mjuzi. Kamati ikaundwa usiku wa kwanza. Tangazo likapelekwa Sauti ya Kenya lisomwe redioni. Mimi nilipewa daftari kwa sababu nilikuwa shuleni na mwandiko wangu ulisomeka.

Kila jioni ilikuwa sala, chai, kisha michango. Kwa jioni tatu wanaume walikuja mezani, nikaandika jina na kiasi, wakatia sahihi. Jioni ya nne wakaja wanafunzi wa ngumbaru. Sikuwa nimejua ni wengi hivyo. Walikuwa wamesubiri siku ya malipo ya shamba, waje na pesa zao mkononi wote pamoja, na walijaza ua mpaka nje ya lango. Mwenyekiti wa kamati, mtu mwema ambaye sina neno baya juu yake, alitazama saa, akatazama foleni, akamtuma kijana alete kile kisanduku cha bati chenye kitambaa cha wino. Nia yake ilikuwa wasichelewe kulala.

Aliyekuwa wa kwanza ni ajuza mmoja aliyekuwa na shilingi tano zimefungwa kwenye pindo la leso. Mwenyekiti akamwambia kwa upole, "Cucu, weka kidole tu, saa zinakwenda."

Cucu akakitazama kisanduku. "Mwanangu," akasema, "Mwalimu hakunifundisha kidole."

Hakuna aliyecheka. Wengi pale walikumbuka kidole kilivyowaponza. Katika miaka ya sabini, kampuni za kununua mashamba zilipouza hisa, watu waliweka vidole kwenye karatasi wasizozijua, na siku ya kupiga kura ya ploti wengine walikuta nafasi zao zina majina ya watu wasiowahi kuwaona. Kwa wanawake wale, kisanduku kile hakikuwa njia ya kuokoa muda. Mwenyekiti alikielewa kimya kile. Alikifunga kisanduku, akakitia mfukoni, akamsogezea cucu kiti.

Waliandika mpaka saa sita ya usiku. Karabai ilipungua upepo mara mbili, ikapigwa pampu mara mbili. Niliketi upande wa pili wa meza, nikageuza daftari liwaelekee, na ndipo nilipoona mkono wa mtu mzima unavyoonekana unapoandika. Peni ilishikwa kana kwamba kinachoshikwa ni shina la mche, chini kabisa, karibu na ncha. Ulimi ulitokeza pembeni mwa mdomo. Vidole vilikuwa vimepasuka kwa baridi, na utomvu wa kahawa ulikuwa umeacha weusi kwenye kucha usiotoka kwa sabuni. Kila mmoja alipomaliza alirudi nyuma kidogo, akalitazama jina lake kwa mbali, ndipo akatoa pesa.

Kuna ukurasa katika daftari hilo ambao wote umeanza na W, mistari ishirini na sita. Hakuna W mbili zinazofanana. Ipo iliyolala ubavu, ipo iliyonyooka kama meno ya msumeno, ipo iliyoongezewa mguu wa tano. Ya mama yangu ni ndogo na imebanwa, kwa sababu alijifunzia pembeni mwa magazeti.

Siku ya mazishi yenyewe sina mengi ya kusema. Barabara ilikuwa matope, na lori lililoleta jeneza kutoka Thika lilisukumwa. Walihutubu waliozoea kuhutubu. Wasifu uliosomwa ulitaja alikozaliwa, watoto wake, wajukuu wake, kazi yake ya useremala, na useremala ulipewa aya mbili. Ngumbaru ilipata sentensi moja, ya kwamba marehemu pia alisaidia katika elimu ya watu wazima. Liliniuma neno "pia", na bado linaniuma. Nilikuwa nimeshika daftari kwapani, lenye wasifu wake kamili, na hakuna aliyeniambia nilifungue.

Mwaka 2004, Mzee Kimani Maruge alipoingia darasa la kwanza kule Eldoret akiwa na miaka 84 na kaptura ya shule, dunia nzima ilistaajabu, na baadaye ikatengenezwa filamu. Nilimfurahia sana. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuwaona akina mama hamsini na zaidi waliokwenda darasani baada ya kubeba gunia kutwa, na anayewajua ni aliyewaona. Kahawa sasa imeng'olewa, zimejengwa ploti za kupangisha, na barabara kuu iliyofunguliwa 2012 inapitisha magari usiku na mchana. Wapangaji wengi hawakuwahi kumsikia Mwalimu, ingawa wapo wanaofungua na kufunga milango yake kila siku.

Usiku ule wa michango kulikuwa na mama mmoja aliyekuja karibu na mwisho. Alikuwa ameacha darasa mapema, mumewe alipougua. Aliandika W, akaandika A, akasimama. Tulingoja. Nilitaka kumsaidia, nikanyoosha mkono, akausukuma taratibu. Aliweka shilingi mbili mezani na kuniambia nisiufunge mstari huo, atarudi. Nikaruka mstari, nikaendelea na mwingine.

Alirudi mwaka uliofuata, Jumapili, tukitoka kanisani. Mjukuu wake alikuwa darasa la pili, na walikuwa wakisoma pamoja jikoni. Aliomba daftari, nikalileta, tukalifungua juu ya mapaja yake. Peni ya buluu sikuwa nayo siku hiyo. Kwa hiyo herufi zake mbili za kwanza ni za buluu, na tano zilizobaki ni nyekundu.