Risiti ya ada haina kazi TRA

Wadau, Marekani mzazi anayemlipia mwanawe chuo anaweza kupunguziwa kodi. Huku kwetu Tanga, namlipia mdogo wangu ada na PAYE inakatwa kana kwamba sijalipa kitu.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inaikumbuka kampuni inayochangia Mfuko wa Elimu: mchango unatolewa kwenye faida kabla ya kodi. Shangazi anayesomesha watoto wa ndugu kwa mshahara wake hatajwi.

Halafu kuna mkopo wa chuo. Tangu 2016 Bodi inakata asilimia 15. Kwenye 800,000, hiyo ni 120,000, na bado inatozwa kodi!

Sikatai kulipa kodi, jamani. Naomba risiti ya ada nayo ihesabiwe. Mwasemaje?