Jina Lililobandikwa Mlangoni

Wazee walisema kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani laja. Methali hii ni ya hekima inapomwonya mtu asipuuze habari. Lakini ikitiwa kinywani mwa jirani asiyependa kuuliza, hugeuka ikawa hukumu isiyo na shahidi. Ndivyo ilivyompata kijana mmoja wa Murang'a, mwana wa mkulima wa kahawa, aliyekuwa akisoma katika chuo cha ualimu. Kwa muda wa mwaka mzima kijana huyo alikuwa na swali moja moyoni mwake: ampeleke mwenzake kortini, au asimpeleke?

Mambo yalianza mwezi wa Machi mwaka 2022. Mwanafunzi mmoja wa darasa lao alifiwa na baba yake, na wenzake wakachanga rambirambi. Kijana huyu ndiye aliyekuwa mweka hazina wa darasa. Zilipatikana shilingi 18,400, naye akazituma kwa simu kwa namba aliyopewa na mfiwa mwenyewe. Mazishi yalipokwisha, mfiwa alirudi chuoni, akaulizwa kama mchango ulifika. Akajibu kwamba nyumbani kwao hawakuona hata senti moja.

Jioni ile ile katibu wa darasa alipiga chapa karatasi, akaibandika katika mlango wa bwalo la chakula. Karatasi hiyo ilitaja jina la mweka hazina, jina la baba yake na kijiji chao, ikasema waziwazi kwamba ameiba fedha za msiba. Kabla watu hawajamaliza kula walikuwa wamekwisha kuipiga picha kwa simu zao, na kulipopambazuka picha hiyo ilikuwa imefika Murang'a.

Karatasi ilikaa mlangoni siku tatu kabla ya kuondolewa. Kijana aliamriwa arudi nyumbani akangoje kuitwa, naye akangoja wiki tano. Alipoitwa mbele ya kamati ya nidhamu alikuja na taarifa kutoka kampuni ya simu, yenye tarehe, saa, kiasi cha fedha na jina la aliyepokea. Mpokeaji alikuwa ndugu wa marehemu. Alipoulizwa alikiri mara moja kwamba fedha zilifika, naye alizilipia jeneza. Ila kwa huzuni na shughuli nyingi za siku zile hakumwambia mjane wala watoto. Basi hapakuwa na mwizi hata mmoja. Kamati ikaandika barua ya mistari minne kusema kwamba kijana hana hatia, ikaitia katika bahasha, ikampa mkononi.

Hapo ndipo uchungu ulipokuwa. Tuhuma iliwekwa mlangoni, kila mwenye njaa akaisoma akiingia na akitoka; lakini habari ya kwamba hana hatia iliandikwa kwa ajili ya mtu mmoja, naye ndiye aliyeijua tangu mwanzo.

Huko nyumbani alikuwa mmoja wa vijana waliohesabu sadaka kanisani. Aliporudi alikuta kazi hiyo amepewa mwingine, wala hakuna aliyemweleza sababu. Katika kiwanda cha kahawa, baba yake alipokuwa akipimiwa mavuno yake, mtu mmoja nyuma katika foleni alisema kwa sauti ya kusikika kwamba mizani iangaliwe vizuri leo. Watu wakacheka. Mzee hakujibu neno, lakini alirudi nyumbani bila kuchukua risiti yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aanze kulima kahawa.

Katikati ya mwezi wa Oktoba mzee alimwita shemeji yake, aliyekuwa karani wa korti kwa miaka mingi. Wakaketi sebuleni baada ya chakula.

"Shemeji," mzee alisema, "nitamwuza yule mtamba. Nakuomba uniambie tu tuanzie wapi."

"Usimwuze ng'ombe kabla hujajua unanunua nini," karani akajibu. Kisha akawaeleza sheria pole pole, kama mtu ahesabuye fedha za mwenziwe.

Kwanza aliwaambia habari njema. Maneno ya kumvunjia mtu heshima yakiwa yamesemwa kwa mdomo tu, mara nyingi mdai hupaswa kuonyesha hasara aliyoipata, ingawa yako mambo machache yasiyohitaji hivyo, kama vile kusingiziwa jinai. Lakini yakiwa yameandikwa, maandishi yenyewe yatosha. Tena aliyeandika kwamba fulani ni mwizi ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba alisema kweli. Na kwa kuwa wizi ni kosa la kumfunga mtu miaka mitatu, Sheria ya Kashfa ya Kenya yasema kwamba fidia ya maandishi ya namna hiyo isipungue shilingi 400,000.

Macho ya mzee yaling'aa. Karani akainua mkono, akaendelea.

Shauri la namna hii hufunguliwa kabla ya kwisha miezi 12, na saba imekwisha kupita. Ile Mahakama ya Madai Madogo, ambayo ni nyepesi na ya haraka, haina ruhusa ya kupokea mashauri ya kashfa. Polisi nao hawatamkamata mtu, kwa maana Mahakama Kuu ilikwisha kutamka mwezi wa Februari 2017 kwamba kile kifungu cha jinai ya kashfa hakipatani na Katiba. Kama katibu angalipeleka malalamiko yake kwa kamati peke yake, angalikuwa na kinga, isipokuwa kama ingethibitishwa kwamba alikuwa na nia mbaya. Kosa lake ni kuyabandika mlangoni. Kwa kawaida anayeshindwa ndiye hulipa gharama za mwenziwe. "Na hizo shilingi 400,000," akamaliza, "zitatoka wapi? Yule katibu ni mwanafunzi kama mpwa wangu, na mama yake huuza mboga sokoni. Hukumu unaweza kuipata, lakini fedha usizione."

"Heshima haina bei," mzee alisema.

"Kweli, haina bei, lakini ina gharama," shemeji yake akajibu, akawasimulia habari aliyoisoma zamani.

Mwaka 1908, katika chuo cha wanamaji wa Uingereza huko Osborne, mvulana wa miaka 13 aitwaye George Archer-Shee alisingiziwa kwamba ameiba hati ya posta ya shilingi 5, mali ya mwenzake. Akafukuzwa chuoni. Baba yake, aliyekuwa mtu wa benki, hakusadiki hata kidogo. Akamwendea wakili mashuhuri, Sir Edward Carson, naye kabla ya kuipokea kazi alimhoji mtoto mwenyewe kwa ukali mpaka aliporidhika kwamba asema kweli. Lakini kuishtaki serikali siku zile kulikuwa na vizuizi vingi, na shauri halikusikizwa mpaka mwezi wa Julai 1910. Siku ya nne wakili wa serikali alisimama akakubali kwamba mtoto hana hatia. Mwaka 1911 serikali ililipa jumla ya pauni 7,120. Katika hizo pauni 4,120 zilikuwa gharama za shauri, na 3,000 fidia. Miaka mitatu baadaye, 1914, kijana huyo aliuawa vitani huko Ypres, akiwa na miaka 19.

"Baba yule alishinda," mzee akasema.

"Alishinda, na alifanya vema. Lakini angalia tofauti iliyopo. Serikali ilikuwa ikishikilia kwamba mwanawe ni mwizi, wala hapakuwa na mlango mwingine wa kubisha. Wewe mwanao amekwisha kuambiwa kwamba hana hatia. Barua anayo."

Mama, aliyekuwa akipukuchua maharagwe karibu na mlango, akasema bila kuinua kichwa, "Mimi sikusoma sheria. Lakini barua hiyo naiona katika sanduku la nguo karibu miezi sita sasa. Ni nani mwingine aliyeiona?"

Wote wakanyamaza. Hatimaye kijana akajibu, "Mama, nilitaka wao wenyewe waitoe. Nikizunguka nayo mimi, nitafanana na mtu anayeomba asadikiwe."

"Basi waambie waitoe," mama akasema. "Umewaambia?"

Hakuwa amewaambia. Kwa miezi yote hiyo alikuwa akiiwazia korti, naye hakuwa amewaandikia hata mstari mmoja watu waliomkosea.

Usiku ule mjomba na mpwa wake wakaandika barua mbili, moja kwa mkuu wa chuo, nyingine kwa katibu, na wakili akazisoma na kuzirekebisha kwa malipo madogo. Hawakudai fedha. Walitaka barua ya kamati ibandikwe katika mlango ule ule, kwa siku tatu zile zile. Katibu aandike kwa jina lake kwamba alichosema hakikuwa kweli. Na maandishi hayo yasomwe katika kanisa la kijijini. Wakaeleza kwamba hayo yasipofanyika kabla ya mwisho wa Januari 2023, shauri litafunguliwa.

Mkuu wa chuo alitekeleza katika muda wa wiki mbili. Lakini katibu hakujibu. Krismasi ikapita, Januari ikaisha, na mzee akamwambia mwanawe kwamba sasa mtamba na auzwe. Kijana akaenda kwa wakili, hati ya madai ikatayarishwa, akaitia katika mkoba wake. Ilibaki kuipeleka kortini tu.

Kabla ya kuipeleka alimtafuta katibu, akamkuta peke yake darasani. Akamwekea hati ile mezani aisome. Katibu akaisoma mpaka mwisho, mikono ikimtetemeka. Kisha akasema jambo ambalo kijana hakulitazamia. Jioni ile ya karatasi, wanafunzi walikuwa wameanza kunong'ona kwamba katibu na mweka hazina wamegawana fedha. Aliogopa, akaandika ili moto utoke nyumbani kwake uende kwa jirani. "Sikuchunguza," alisema. "Na kweli ilipojulikana niliona aibu. Kila siku niliyonyamaza iliifanya aibu kuwa kubwa zaidi."

Kijana alikuwa amejitayarisha kukutana na adui, akakutana na mwoga. Hakufurahi, wala hakumhurumia sana. Alimwambia tu, "Andika."

Jumapili ya tarehe 5 Machi mzee wa kanisa aliyasoma maandishi ya katibu, baada ya tangazo la ndoa na kabla ya habari za chama cha ushirika cha kahawa. Hakuna aliyepiga makofi, wala hakuna aliyekuja kuomba radhi. Watu walikohoa, wakafungua vitabu vyao vya nyimbo. Mwezi uliofuata kijana aliitwa tena kuhesabu sadaka, na mmoja wa wazee hurudia kuhesabu kila mara anapomaliza yeye. Huenda alikuwa akifanya hivyo tangu zamani, kijana asitambue.

Katika zile siku chache zilizobaki za miezi 12 alifikiri sana. Ingekuwa amenyimwa cheti, au amefukuzwa kazi, au mwenzake angaliendelea kumsingizia, ingalimpasa kwenda kortini, na mjomba wake angalimsindikiza mwenyewe. Sheria iliwekwa kwa ajili ya watu wa namna hiyo, wala si aibu kuitumia. Lakini aliyoyataka yeye yalikuwa yamekwisha kufanyika, kwa kadiri yanavyoweza kufanyika. Korti ingeweza kumwongezea hukumu, lakini isingeweza kumlazimisha yule mzee asihesabu mara mbili. Miezi 12 ikatimia, na hati haikupelekwa.

Msomaji aliyesingiziwa, au mwenye mtoto aliyesingiziwa, na atunze kila karatasi, na aandike tarehe ya kwanza neno lilipotolewa, kwa kuwa mwaka mmoja hupita upesi kuliko hasira. Kisha, kabla ya kumwuza mnyama, ajiulize anataka nini hasa, na kama amekwisha kukiomba. Wako wengi ambao kitu walichokihitaji kilikuwa ndani ya sanduku lao.

Hati ya madai ingali katika sanduku lile, pamoja na barua ya kamati. Mtamba amekwisha kuzaa. Mzee naye, akienda kiwandani, hungoja mpaka apewe risiti yake, hata foleni ikiwa ndefu namna gani. Aulizwapo juu ya shauri la mwanawe husema maneno machache tu: aliyebandika mlangoni, na abandue mlangoni.