Mgonjwa Wangu Kariakoo

Siku ya kwanza niliipakata kompyuta ya shule kama mtoto anayepelekwa kliniki. Umeme ulikatika usiku nikiwa najaza alama za wanafunzi. Uliporudi, Linux ikagoma kuwaka. Kioo cheusi, neno "initramfs", basi. Kutoka Kondoa nilishika basi hadi Dodoma, kisha treni ya umeme ya SGR, mara yangu ya kwanza. Nikacheka peke yangu: umeme uliomwangusha mgonjwa ndio unaomkimbiza hospitali! Saa nne hazikutimia, tumeshaingia Dar es Salaam.

Siku ya pili, Kariakoo. Darasani mimi hufundisha kwamba jina hilo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kumbe wapagazi bado wapo kazini! "Pisha, mama!" Naukwepa mkokoteni, nakutana na bodaboda. Kwetu mnada una siku yake. Huku kila siku ni mnada. Nilipotea Mtaa wa Kongo, nikaibukia Aggrey penye maduka ya simu.

Mafundi wawili walinipa jibu moja: "Tupige window mpya tu." Maana yake, kila kitu kifutwe. Nikaikumbatia mashine yangu, nikaondoka. Wa tatu, kijana wa ghorofani, aliniamkia kwanza, kisha akauliza, "Mama, ndani kuna data?" Akanakili diski nzima pembeni, akaiwasha mashine kwa flashi. Kwa nini flashi? "Utadekije chumba watu wamelala sakafuni?"

Akaandika herufi nne: fsck, amri ya kukagua diski. Nikaielewa kwa ghala letu la mahindi: karani anapita na daftari, gunia kwa gunia, akilinganisha kilichoandikwa na kilichopo, akisahihisha panapopishana.

Ikawaka! Nikapiga vigelegele, lakini alama za madarasa mawili hazikuonekana. Fundi akafungua folda iitwayo lost+found. Humo mna mafaili yaliyookotwa bila majina, yana namba tu. Kwetu ng'ombe aliyepotea hufungwa kwa balozi wa nyumba kumi mpaka mwenyewe aje amtambue. Nikayafungua moja moja. La tano: Hesabu, 18, 23, 31, 12.

"Hiki Kidato cha Pili B," nikasema.

"Umejuaje, mama? Halina jina."

"Mwanangu, ng'ombe wangu hawa. Nawajua hata kwa kuchechemea kwao."