Alasiri ya Idi Ufuoni Mida



Siku ya pili ya Idi el-Fitri, Idi iliyoangukia mwezi wa Machi, niliwachukua wajukuu wangu watatu kutoka Malindi hadi hori ya Mida, jirani ya Watamu. Tulifika saa nne asubuhi. Maji yalikuwa yamekupwa, na uwanda wa tope na mchanga umetandaa hadi kwenye mikoko. Ndege walikuwa wengi: vitwitwi wadogo wakidonoa bila kutulia, sululu wenye midomo iliyopinda, na kundi la ndege weupe wenye migongo myeusi na midomo minene, wakiwinda kaa.

Hawa wala kaa ni wageni wetu wa zamani. Huzaliana katika visiwa na fuo za mchanga za Oman, Ghuba, Bahari ya Shamu na Somalia. Huko huchimba mashimo mchangani, na mara nyingi hutaga yai moja tu, jeupe. Kisha huja kwetu, kama yalivyokuja majahazi ya Sur na Maskati. Miongoni mwa vitwitwi wamo watokao mbali zaidi, Siberia. Machi na Aprili hula kwa bidii, maana mafuta wanayoyaweka mwilini ndiyo masurufu ya safari ya kurudi.

Baada ya sala ya Alasiri watu walianza kumiminika: akina mama na vyombo vya chakula, watoto na mipira, vijana na mishipi yao. Maji nayo yalikuwa yakijaa kwa kasi. Hapo nikatambua jambo ambalo sikuwahi kulifikiri katika umri wangu wote. Idi hii huja na mwezi mwandamo, na mwezi mwandamo huja na bamvua. Katika pwani yetu maji ya bamvua hujaa jioni, na baina ya kupwa na kujaa tofauti hukaribia mita 4. Basi saa ile ile tunayotoka na aila zetu kwenda ufuoni, ndiyo saa ambayo bahari imewanyang'anya ndege uwanja wao wote na kuwaachia ukanda mdogo wa mchanga wa kupumzikia.

Mjukuu wangu mdogo akalikimbilia kundi. Ndege wakaruka, wakazunguka juu ya maji, wakatua. Akawakimbilia tena, nami nikacheka. Mara ya tatu mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa ameketi kando ya mtumbwi wake, akaniambia kwa upole, "Sheikh, nawe ungechoka ukiinuliwa kitandani kila unapojilaza." Niliona haya. Mimi ndiye niwafundishaye watoto chuoni hadithi ya ndege aliyechukuliwa makinda yake, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akaamuru arudishiwe.

Lakini upande wa pili nao una haki yake. Kijana mmoja fundi seremala alisimama karibu nasi na mshipi mkononi. Siku zake za mapumziko kwa mwaka ni chache. "Tangu asubuhi nimefukuzwa mara mbili," akaniambia. "Huko kuna ukuta, hapa kuna ndege. Mimi niende wapi?"

Swali lake si la kupuuzwa. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 62, yaeleza kuwa ardhi iliyo baina ya maji kujaa na maji kupwa ni ardhi ya umma. Ufuo ni wetu sote. Kilichozibwa ni njia ya kuufikia. Vichochoro walivyopita wazee wetu vikifungwa kwa kuta, sote twasongamana penye upenyo mmoja uliobaki, na mara nyingi ndipo ndege nao wamesukumwa. Kwa hiyo anayetetea njia za kale zifunguliwe amewatetea ndege pia, kwani watu wakitawanyika nao hupata nafasi.

Wala hakuna anayetaka mshipi utundikwe. Mida imo katika hifadhi ya bahari ya Watamu, iliyowekwa tangu 1968. Ndani ya mbuga ya bahari uvuvi umekatazwa, lakini katika hifadhi uvuvi wa kienyeji umeruhusiwa. Ninachoomba ni muda mfupi tu: saa moja kabla ya maji kujaa kabisa na saa moja baada yake, tuwaachie ndege mchanga wao, na wavuvi wasimame upande wa mkondo. Pia tusitupe nailoni ya mishipi. Jioni ile tulimwona kitwitwi akichechemea, uzi umemzonga mguu, wala hatukuweza kumkamata ili tumfungue.

Yule fundi alikubali kusogea mkondoni. Kabla ya Magharibi alikuwa amepata changu wawili. Wajukuu wangu walizunguka wakiokota nyuzi na kuzizongomeza kwenye kijiti, na ndege wakatulia, wengi wao wamesimama kwa mguu mmoja.

Sisi ni watu wa kutazama mwezi. Tunaupandia mapaa ili tujue kama kesho ni Idi. Mwezi huo huo ndio utuambiao maji yatajaa lini. Idi ijayo, kabla hujawatoa watoto nyumbani, ihesabu na saa ya bamvua.

Wabillahi tawfiq.