Redio Isiyo na Stesheni



Likizo iliyopita tulibaki seminarini mafrateri watatu, kulisha ng'ombe na kumwagilia bustani. Mmoja wetu alikuwa fundi redio kabla ya kuanza malezi. Usiku mmoja, tukitoka kanisani, alituambia kwamba kwa miezi mingi akisali husikia kama redio isiyo na stesheni: mvumo tu. Tukamjibu haraka, "Vumilia, Frateri, itapita." Jibu lile linatuonea haya mpaka leo.

Hakubishana. Alituuliza kama tunajua mvumo wa redio unatoka wapi. Hatukujua.

Akatusimulia habari za Karl Jansky, mhandisi wa Marekani aliyetumwa na kampuni ya simu ya Bell kutafuta kelele zilizosumbua simu za redio kuvuka bahari ya Atlantiki. Alisikiliza kwenye megahezi 20.5. Akatambua radi za karibu, radi za mbali, na mvumo wa tatu usio na mwenyewe. Alidhani ni jua. Lakini kilele chake kilitangulia kila siku kwa dakika nne hivi, na jua halina tabia hiyo. Nyota ndizo huchomoza mapema namna hiyo. Mwaka 1933 alitangaza kwamba unatoka upande wa kundi la nyota la Kausi, katikati ya Njia ya Maziwa. Kisha kampuni ikampa kazi nyingine.

Tangu hapo watu wameorodhesha vyanzo vya mawimbi hayo angani. Kisiwani Morisi, jirani zetu wa Bahari ya Hindi, walisimamisha antena 1,024 kwa mstari wa kilomita mbili, na nyingine wakazisukuma juu ya reli, ili kupima anga la kusini kwenye megahezi 151.5. Mtandao wa antena wenye makao Uholanzi ulitoa mwaka 2022 orodha ya vyanzo zaidi ya milioni nne. Masafa ya chini yana faida yake: elektroni zilizochoka, zilizotoka kwenye milipuko ya kale, bado huonekana huko wakati masafa ya juu yamekwisha kuzisahau.

Basi fundi wetu akaazima redio ya upepo iliyokuwa imelala kwenye stoo ya parokia, akafunga waya wa mita saba kati ya miembe miwili. (Wazee wa hapa husema miembe hiyo ni ya misafara ya Ujiji. Kwihara si mbali, alikokaa Livingstone miezi kadhaa mwaka 1872 akisubiri wapagazi.) Tulisoma mshale wa mita kila robo saa na kuandika kwenye daftari. Taa za ua zilitia kelele nyingi kuliko galaksi nzima. Umeme ulipokatika tulishangilia, jambo ambalo mpishi hakulielewa.

Usiku wa kwanza wa Agosti kilele kilikuja kama saa nne kasoro. Kilikuwa butu, si cha kujivunia.

Siku ya tisa, fundi wetu alifunga begi. Alikuwa amezungumza na mlezi, akaamua. Tulimsindikiza stesheni, akapanda treni ya Kigoma, njia ileile ya wapagazi. Hatukupata la kumwambia. "Vumilia" safari hii haikututoka. Daftari alituachia.

Tuliendelea wawili. Mara mbili tulisinzia, na kurasa mbili ziko tupu. Siku ya kumi na sita mshale ulipanda mapema, ukafika juu karibu na saa tatu kasoro, kisha ukaanza kushuka. Tulihesabu mara tatu kwa tochi: dakika nne mara kumi na tano ni saa nzima.

Tukampelekea ujumbe wenye nyakati mbili tu, bila neno lingine. Jibu lilikuja asubuhi, tukiwa zizini: "Mlizima taa zote?"