Jina la mtu si kosa la tahajia

Wengi wenu mnatuletea majina ya watu mnaowatafuta. Tunayasoma redioni, kisha tunayachapa na kuyabandika ukutani, kwa sababu si kila familia ina redio au betri. Leo nawaeleza habari za kuchapa huko.

Komunike zetu tunazipanga kwa LibreOffice, programu ya bure. Kwa gazeti la kurasa nyingi kuna Scribus, nayo ni ya bure. Kwa karatasi moja, LibreOffice inatosha. Inapokea viongezo, yaani vipande vidogo vinavyoipa kazi mpya. Sisi tuliweka kamusi ya Kiswahili inayokagua tahajia. Mwenzetu aliipakua mara moja, akaileta kwa flashi. Faili lake linaishia na .oxt. Unafungua menyu ya "Outils", unatafuta "extensions", unabonyeza "Ajouter", unachagua faili, kisha unafunga programu na kuifungua tena. Faili lenyewe linabaki kwenye flashi: mashini ikiharibika, hatununui mega upya.

Lakini kamusi hiyo ina alama ya sw_TZ, yaani Kiswahili cha Tanzania. Inatusaidia sana kwenye maneno ya kawaida. Kwenye majina ni mambo mengine. Sisi Maniema tunaandika Ramazani, Asumani, Amisi; Tanzania wanaandika Ramadhani, Athumani, Hamisi. Kompyuta ikiona jina isilolijua, inalipigia mstari mwekundu na kupendekeza lingine.

Siku moja mpiga chapa wa sekretariati fulani alikubali kila pendekezo. Mama mmoja akasimama mbele ya karatasi, akasoma jina la mtoto na la baba yake, akageuka kuondoka. "Huyu si wangu," alisema. "Wangu ni Amisi wa Asumani." Alikuwa wake. Kama jirani asingemwita arudi, angeendelea kumtafuta mahali pengine.

Tangu hapo tuna desturi tatu. Kwanza, orodha ya majina tunaichagua yote na kuiwekea lugha "Aucun", ili kompyuta isiikague. Pili, majina yanayorudi mara kwa mara tunayaingiza katika kamusi yetu wenyewe, faili la standard.dic. Hilo haliji pamoja na kiongezo, kwa hiyo tunalinakili pia kwenye flashi. Tatu, kabla ya kuchapa, tunamsomea mwenyewe jina, herufi kwa herufi.

Nanyi mkija, leteni karatasi yoyote yenye jina: kadi ya mpiga kura, kadi ya kilinike, hata daftari la shule. Kama hamna kitu, msione haya kutuambia, "Hapana, si hivyo." Kufuta herufi moja ni kazi ya dakika. Mtoto anayesubiri anastahili dakika hiyo.